Darasa la hip hop na ushairi wa jukwaani mtaani: lipangwe vipi lisife wiki ya tatu?

Kinasaba_MZA ameuliza:

Wakuu, habari za wikendi. Tuko wasanii sita hapa Mwanza, wanne wa rap na wawili wa ushairi wa jukwaani. Tunataka kufungua darasa la bure kwa vijana wa kata yetu, miaka 13 hadi 19, kwa wiki 10. Hatutafuti mastaa. Tunataka kijana akimaliza awe anajua kuandika, kusimama mbele ya watu, na kuisemea kero ya mtaa wake mpaka imfikie mwenye kuitatua.

Ukumbi wa kata tumeahidiwa. Pesa iliyopo ni laki nne, basi. Naomba wanaoijua kazi hii waseme: kipindi kimoja kipangwe vipi, kipi kifundishwe kwanza, vyombo gani ni vya lazima, vibali vinatoka kwa nani, na madarasa ya aina hii huwa yanafia wapi. Semeni yote, msifiche.

---

Mizani_Nane:

Mkuu karibu. Naanza na uandishi, maana huko ndiko makosa huanza. Mtoto anaambiwa "haya, chana" kabla hajapewa kitu cha kushika. Wale wanaochana tayari watachana, wengine watakaa kimya, na Jumamosi inayofuata hawarudi. Fristaili, yaani kuchana papo kwa papo bila kuandika, iwekeni wiki ya nne. Wiki tatu za mwanzo kila mtu na daftari lake.

Halafu msiwafundishe kuhesabu mistari kana kwamba Kiswahili hakina hesabu yake. Tuna utenzi. Kipande cha utenzi kina mizani nane, yaani silabi nane. Biti ya hip hop ina mapigo manne katika kila baa, na kila pigo ukiligawa mara mbili unapata nafasi nane. Silabi moja kwa kila nafasi, kipande kimoja kimejaza baa moja. Ubeti wa vipande vinne ni baa nne, na beti nne ni baa 16, yaani vesi kamili. Kwa biti ya mapigo 90 kwa dakika, vesi hiyo ni sekunde 43 hivi. Ubeti mmoja kijana anaumaliza siku ya kwanza.

Kuna zuri zaidi. Mkazo wa neno la Kiswahili huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika mizani nane hiyo ni silabi ya saba, na nafasi ya saba ndilo pigo la nne, pale snea, ile ngoma ya mlio mkavu, inapogonga. Mizani ikikaa sawa, mkazo wa neno na mgongo wa biti vinakutana bila kulazimishwa. Jaribuni hii, mkipiga makofi kwenye pigo la pili na la nne:

Maji ya bomba hakuna
Kwenye foleni twanuna
Usiku kucha twaguna
Bili yaja kila mwezi

"Ku", "nu", "gu" na "mwe" zote zinaangukia kofi la pili. Kijana akilisikia hilo sikioni, hahitaji maelezo mengine ya mtiririko. Na kipande cha nne ndicho chenye kina cha bahari: beti ya pili, ya tatu na ya nne zote ziishie kwa "-ezi". Hapo vesi inashikana badala ya kuwa mistari 16 isiyojuana.

Sasa yanayoharibika.

Kwanza ni "m" inayosimama peke yake. "Mtaa" ni m-ta-a, mizani tatu. "Mtoto" ni tatu pia. Kijana akiandika kwa macho anaona mbili, akichana anaimeza "m", mstari unapungua na mkazo unahama kutoka kwenye snea. Dawa yake: kila mstari usomwe kwa sauti bila biti, kidole kimoja kwa kila silabi, ndipo uwekwe kwenye biti.

Pili, vina rahisi. Karibu maneno yetu yote yanaishia irabu, kwa hiyo "a" kwa "a" si kina. Kiwango cha chini ni silabi nzima ya mwisho. Ukitaka mstari ung'are, fananisha silabi mbili, kama "-una" hapo juu. Na vijana wote watakimbilia "-ana": wanapendana, wanagombana, tunaonana. Ipigeni marufuku "-ana" kwa wiki moja nzima. Zoezi hilo peke yake linawalazimisha kutafuta nomino.

Tatu, lugha. Msisahihishe Kiswahili cha mtaani kwenye rasimu. Silabi zihesabiwe kwa sauti, "stendi" ni ste-ndi, mbili. Sahihisheni wiki ya mwisho, tena pale tu ambapo msikilizaji hataelewa.

Kuanzia wiki ya sita mnaweza kupanda kwenye shairi la mizani 16. Msilibane kwenye baa moja, maana kila pigo litabeba silabi nne na hakuna pa kuvuta pumzi. Litandazeni kwenye baa mbili, kina cha kati kikae mwisho wa baa ya kwanza. Washairi wenu wawili ndio waongoze hapo.

Ushairi wa jukwaani usio na biti ni somo jingine. Biti ikiondoka, kinachobaki ni kituo, pumzi na macho. Chukueni kanuni moja ya mashindano ya slamu yaliyoanzia Chicago miaka ya 1980 kwa Marc Smith: dakika tatu, basi. Kule huwa kuna waamuzi watano kutoka kwenye hadhira wanaotoa alama 0 hadi 10, kisha ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa. Dakika tatu zinafaa kwa sababu zinamfundisha kijana kukata. Alama ziacheni. Mtoto wa miaka 13 aliyepewa nne mbele ya jirani zake hapandi tena.

Kipindi kimoja kiwe dakika 90. Kumi za kuamsha mwili na sauti, kumi na tano za kusikiliza kazi moja na kuijadili, ishirini na tano za kuandika kimya (na walimu nao waandike), thelathini za kusoma, kumi za kufunga. Wanafunzi 12 hadi 20, walimu wawili kila kipindi. Wakizidi 20, zile dakika thelathini hazitoshi kila mtu asome, na asiyesoma mara mbili mfululizo ameshaondoka kichwani hata kama bado anakuja.

---

Eastlando_254:

Salamu kutoka Nairobi. Aliyetangulia amemaliza mambo ya mistari, mimi niongelee ile kazi ya kusemea kero.

Hip hop ilipoanza kule Bronx mwaka 1973 ilikuwa sherehe ya DJ Kool Herc. Baadaye, kupitia jumuiya ya hip hop ya Zulu Nation, ndipo maarifa yakahesabiwa nguzo ya tano baada ya udijei, uchanaji, dansi na grafiti. Huku kwetu Dandora, makundi ya rap ya Kalamashaka na baadaye Ukoo Flani Mau Mau yaliifanya lugha ya mtaa ibebe siasa na historia. Baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007 likaja Bunge la Hip Hop, vijana wa mitaa tofauti wakikaa pamoja kuongea amani kwa mistari. Mchanaji Juliani naye akaanzisha Dandora Hip Hop City, kituo kabisa cha vijana. Somo ninaloona hapo ni kuwa na pahali na siku inayojulikana. Tamasha moja kubwa kwa mwaka linakula pesa na nguvu zote, halafu kesho yake hakuna kitu.

Angalieni pia Senegal. Vuguvugu la vijana la Y'en a marre lilianza Januari 2011, wakati Dakar ikisumbuliwa na umeme kukatika. Waanzilishi ni Thiat na Kilifeu wa kundi la rap la Keur Gui la Kaolack pamoja na mwanahabari Fadel Barro. Wangeweza kuishia kwenye nyimbo za kulaumu. Badala yake walienda mtaa kwa mtaa wakihimiza vijana wajiandikishe kupiga kura kabla ya uchaguzi wa 2012. Wimbo ulikuwa na kitendo kimoja ambacho msikilizaji angeweza kukifanya wiki ileile. Nawaombeni mlishike hilo kuliko kitu kingine chochote: kila kazi inayotoka darasani iwe na tendo moja ndani yake.

Kwa hiyo wiki ya tano, darasa lichague kero moja. Moja tu. Vijana watataka ufisadi, ajira, ukatili wa polisi, vyote kwa pamoja. Vesi ya "serikali sikieni" haina wa kuijibu. Chagueni kero yenye anwani: shimo la taka karibu na shule fulani, mtaro ulioziba, taa za njia ya kwenda stendi. Watumeni wawili wawili na daftari kwa siku 14: tarehe, saa, wameona nini, picha. Kisha kila vesi ibebe vitu vitatu: idadi moja waliyoihesabu wenyewe, jina la mahali, na ombi moja. "Taka zimejaa" haimsumbui ofisa yeyote. Tarehe mbili ambazo gari lilitakiwa kuja likakosekana zitamfanya afungue faili.

Njia moja tamu ya kufundisha hili ni habari kwa mistari. Wachanaji Xuman na Keyti wa Senegal walianzisha Journal Rappé mwaka 2013, taarifa ya habari ikichanwa, mmoja kwa Kifaransa, mwenzake kwa Kiwolofu. Wapeni vijana wenu dakika moja: habari tatu za kata, kila moja baa nne, na kanuni kwamba hakuna jambo linaloingia bila watu wawili walioliona.

Walio Kenya wanaosoma hapa: mkitaka kutoka ukumbini kwenda barabarani, sheria ya mikusanyiko (Public Order Act) inataka kituo cha polisi kijulishwe kati ya siku 3 na siku 14 kabla, na muda ni saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni. Kifungu cha 37 cha Katiba kinalinda mkusanyiko wa amani, cha 35 kinawapa haki ya kuomba taarifa serikalini. Barua ya kuomba bajeti ya wadi kwa kutumia kifungu cha 35 ni zoezi zuri sana la uandishi, na inaenda vizuri na vesi.

---

UstawiWetu:

Ndugu Kinasaba, hongereni kwa moyo huo. Kwa Tanzania mpangilio wa barua uwe hivi. Kwanza Mwenyekiti wa Mtaa na Mtendaji wa Mtaa, kisha Mtendaji wa Kata, nakala kwa Diwani. Afisa Utamaduni wa halmashauri ajulishwe mapema, na yeye ndiye wa kuwaelekeza kuhusu BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) mtakapofanya onyesho la wazi. Mkitaka kuingia shuleni, mkuu wa shule peke yake hatoshi, anzeni kwa Afisa Elimu. Mkusanyiko wa hadhara au maandamano yanahitaji taarifa ya maandishi polisi saa 48 kabla. Barua iwe ya ukurasa mmoja: nani, wapi, siku gani, saa ngapi hadi saa ngapi, umri wa washiriki, namba ya simu ya msimamizi. Ukiandika "kuelimisha jamii kupitia sanaa" bila ratiba, barua inakaa mezani.

Sasa watoto. Wengi wa wanafunzi wenu watakuwa chini ya miaka 18, hivyo ridhaa ya mzazi kwa maandishi ni lazima, na ridhaa ya kurekodiwa na kupigwa picha iwe mstari wake peke yake, mzazi aweze kukubali moja na kukataa nyingine. Mwalimu asibaki peke yake na mtoto, si ukumbini, si studio, si kwenye bodaboda. Ujumbe wa simu kwa wanafunzi upitie kundi ambalo wazazi wamo. Haya yasemwe siku ya kwanza mbele ya wazazi ili hata kijana ayajue.

Jambo ambalo wasanii wengi hawalitarajii: ukimpa mtoto kalamu na utulivu, kuna atakayeandika kuhusu kupigwa, kubakwa au njaa nyumbani. Litatokea. Usimwambie asome mbele ya wenzake, usimsifie "mistari mikali", na usimwahidi siri ambayo huwezi kuitunza. Msikilize, mshukuru kwa kukuamini, mwambie ni nani utakayemwambia na kwa nini. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, bure. Afisa Ustawi wa Jamii wa kata au halmashauri, na Dawati la Jinsia na Watoto polisi, namba zao ziwe zimeandikwa kabla darasa halijaanza. Mtafute afisa huyo wiki ya kwanza umsalimie, usisubiri siku ya dharura.

Na saa. Ukiweka darasa saa 11 jioni, baada ya wiki mbili utabaki na wavulana watupu. Wasichana wana kazi za nyumbani jioni, na giza likiingia wazazi hawawaruhusu, wako sahihi. Jumamosi saa 3 hadi saa 4 na nusu asubuhi inafaa zaidi. Mmoja wa walimu wawili awe mwanamke kila kipindi, hata ikibidi mwalike dada mshairi kutoka nje ya kundi lenu.

---

FundiMitambo:

Laki nne msinunue spika. Kodini kwa siku mbili tu: siku ya wazazi katikati na onyesho la mwisho. Darasani kabisa hamhitaji maiki, ukumbi wa watu 20 sauti inatosha, na mtoto anayeanza na maiki anajifunza kunong'ona. Kinachotakiwa kila wiki ni spika ndogo ya kuchajiwa ya biti, madaftari, kalamu na maji ya kunywa.

Kwa onyesho la wazi la watu 150 hadi 200: spika mbili zenye amplifaya ndani, inchi 12 au 15, mikisa ndogo ya chaneli 6, maiki mbili za dainamiki za waya, stendi moja. Maiki zisizo na waya za bei rahisi ziacheni, betri inakufa katikati ya shairi. Jenereta ya 2 kVA inatosha kwa mzigo huo. Mikisa na spika zote zichukue umeme kwenye chanzo kimoja, ukichanganya soketi za nyumba mbili utapata mvumo wa "mmmm" usioisha.

Mluzi wa spika unatoka wapi? Mara nyingi mambo mawili. Spika ziko nyuma ya msanii, zinamrudishia maiki sauti yake. Zisogeze mbele yake, ziangalie watu. La pili ni mikono: machalii wanapenda kuziba kichwa cha maiki kwa kiganja wakidhani wanapata sauti nzito. Maiki hizi hupokea sauti ya mbele na kukataa ya nyuma kupitia matundu yaliyo nyuma ya wavu. Ukiyaziba, inaanza kupokea pande zote, mluzi unakuja na maneno yanakuwa matope. Mkono ushike mpini, mdomo uwe vidole viwili hadi vitatu kutoka kwenye wavu. Fundisheni hilo wiki ya nane kwa kutumia hata mwiko, mkono uzoee.

Kurekodi: simu inatosha. Weka hali ya ndegeni, iwe mbali na mdomo kama sentimita 20, pembeni kidogo ili "p" na "b" zisilipuke, chumba chenye nguo au mapazia mengi. Biti isikike kwenye ifoni za masikioni tu, isiingie kwenye rekodi, la sivyo huwezi kurekebisha sauti peke yake baadaye. Ukirekodi kwa kompyuta, Audacity ni bure. Kilele cha sauti kikae kati ya dB -12 na -6. Ikigusa sifuri imepasuka na haitengenezeki.

---

Kinasaba_MZA:

Asanteni sana, nimechapisha yote tuyasome kikundi kizima. Mawili yamebaki. Tukimwalika Diwani kwenye onyesho, tunawezaje kuzuia lisigeuke la kisiasa? Na baada ya wiki 10 nani anaendeleza?

---

Eastlando_254:

La siasa: mwaliko uende kwa ofisi yenye kero, wala usimlenge mtu au chama. Barabara ya mtaa ni TARURA, barabara kuu ni TANROADS, taka ni halmashauri. Mkikosea ofisi atakuja, atapiga makofi na kusema "si langu". Ratiba iandike wazi kuwa mgeni anajibu maswali ya vijana kwa dakika 10, mwisho, na hakuna hotuba ya ufunguzi. Fulana, bendera na pesa ya jukwaani zikataliwe kwa maandishi mapema. Na miezi ya kampeni msifanye onyesho kabisa, endeleeni na darasa tu. Msanii kuingia siasa ni haki yake. Huko kwenu mchanaji Sugu aliwakilisha Mbeya Mjini bungeni 2010 hadi 2020 na Profesa Jay Mikumi 2015 hadi 2020. Lakini hao waligombea kwa majina yao. Mtoto wa miaka 14 hajachagua kuwa kwenye bango la mtu.

Onyesho pia si mwisho wa kero. Nendeni mkutano mkuu wa mtaa, wakazi wenye miaka 18 na zaidi wana haki ya kusema pale. Wanafunzi wenu waliofikisha umri huo wasome ubeti mmoja, kisha waweke mezani lile daftari la siku 14 na waombe jibu liingie kwenye muhtasari.

La kuendeleza: Uganda kuna Breakdance Project Uganda, iliyoanzishwa na Abramz Tekya mwaka 2006. Madarasa ni bure, na anayejifunza anatarajiwa kumfundisha mwingine. Fanyeni hivyo tangu wiki ya sita. Wanafunzi wanne waongoze zile dakika kumi za kuamsha mwili, wiki ya nane waongoze usikilizaji, wiki ya kumi waendeshe kipindi kizima nyinyi mkiwa mmekaa nyuma kimya. Wachagueni wanaowahi na wanaosikiliza wenzao. Mchanaji mkali kuliko wote mara nyingi ndiye mwalimu mbaya, kwa sababu hajui alichokifanya mpaka kikamtoka.

---

Mizani_Nane:

Naongezea kwa huyo mchanaji mkali, maana kila darasa linaye. Mpeni kazi ya kumwandikia kiitikio mwenzake. Na saifa, lile duara la kuchana kwa zamu, izunguke kwa kufuata saa, baa nane kila mtu, kupita bila kusema kunaruhusiwa. Mkiiacha wazi, watatu wataimeza. Kwenye mashindano ya kujibizana wekeni mipaka mitatu tangu mwanzo: hakuna mama, hakuna mwili, hakuna kabila.

---

FundiMitambo:

Moja la mwisho kabla hamjapakia kitu mtandaoni. Biti za YouTube zilizoandikwa "bure" nyingi ni bure kwa kujifunzia tu. Ukipakia kazi, mfumo unaitambua biti na kuidai, na mtoto anajiona ameitwa mwizi. Ama mnunue leseni, ama vijana watengeneze zao kwa makofi, meza na midomo, mrekodi baa nne na kuzirudia. Kila kazi iwe na karatasi: nani kaandika mashairi, nani katengeneza biti, mgawo wa kila mmoja kwa asilimia, tarehe na sahihi, na kwa walio chini ya miaka 18 sahihi ya mzazi. Maneno ni mali ya mtoto, si ya kikundi chenu, hilo liandikwe juu kabisa. Karatasi iwe ya Kiswahili, ukurasa mmoja, na nakala ibaki kwa mzazi.